Ukurasa wa Mwisho Kwanza

Linet, fundi cherehani wa Nyaramba, hadanganyiki na riwaya za mapenzi ya wakati wa vita. Huanza na ukurasa wa mwisho. Askari asiporudi hai kwa mchumba wake, kitabu humrudia mwenyewe aliyemwazima, na lawama juu. Siku ya Sabato husoma hizo tu, maana zimejaa maombi, na simu huizima mpaka jua litue.

Ijumaa, kabla hajaizima, mumewe Bosire, aliyekwenda ughaibuni kulinda maduka, alimtumia picha: amevaa magwanda ya jeshi, ana bunduki, amesimama kwenye theluji. "Mama Bravin, niombee," aliandika.

Sasa jua la Jumamosi limetua. Linet amewasha simu, nayo inaita papo hapo: namba ya kule kule, lakini si ya Bosire. Anaifudikiza mezani. Safari hii hataki kuanza na mwisho.