Chai ya Sarab

Barua ilifika Jumatano asubuhi, siku tisa baada ya Sarab kushinda mbio kubwa za msimu, na kufikia saa nne kila mtu pale zizini Muaither, Doha, alikuwa anajua kwamba mkojo wa farasi umekutwa na kafeini, kitu kilichokatazwa mbioni. Wayne, mkufunzi wao, aliwaita masaisi, wale watunza farasi, wote sita wakasimama mbele ya ofisi. Alikuwa Mzungu wa Afrika Kusini, mtu ambaye sauti yake haipandi hata akikasirika, na hilo ndilo lililowafanya wamwogope. Alisoma barua mpaka mwisho, akaikunja, kisha akaanza kupekua vyumba vyao kimoja kimoja.

Chini ya kitanda cha Mwaura akakuta makopo kumi na moja ya kile kinywaji cha kufukuza usingizi.

"Ni yangu, boss," Mwaura alisema. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na minne, baba wa watoto wawili kule Nyahururu. "Nakunywa mimi. Farasi atakunywaje kopo?"

"Jumamosi unapanda ndege," Wayne alisema.

Laban Simiyu alikuwa amesimama hapo na ufagio wake. Sitampamba: hakumwonea Mwaura huruma hata chembe. Alimtazama kwa chuki, akijiambia kwamba huyu ndiye mjinga aliyemharibia Sarab jina. Na jina la Sarab lilikuwa lake pia, au ndivyo alivyoona yeye.

Saisi ni mtu asiyeonekana gazetini. Farasi akishinda, picha inapigwa: mwenye farasi, mkufunzi, mpanda farasi, kombe. Yule anayeshika hatamu hukatwa na ukingo wa picha, akabaki mkono tu. Laban alikuwa na picha nne za namna hiyo ukutani kwake, na katika zote nne ule mkono ni wake, na alizionyesha kwa fahari kama watu wanavyoonyesha picha za harusi. Kazi aliirithi kwa baba yake, aliyekuwa saisi kwenye shamba moja la Molo, nayo ndiyo iliyomleta Doha miaka saba iliyopita, wakati wenzake wengi wa nyumbani waliletwa na ulinzi na hoteli. Chumba chake na cha Sarab vilitenganishwa na ukuta mmoja. Kiyoyozi cha farasi kilikuwa kizuri kuliko chake, na Laban hakulalamika, kwa kuwa muda mwingi alikuwa kulekule kwa farasi.

Sarab alikuja kwa ndege kutoka Ufaransa miaka mitatu iliyopita, naye akiwa na umri wa miaka mitatu, na siku nne za kwanza hakutia kitu mdomoni. Alisimama amegeukia kona. Daktari alimpitishia maji kwa mpira, Wayne akabadilisha chakula mara tatu, wapi. Siku ya tano asubuhi Laban aliingia akaketi chini humo ndani na kikombe chake cha chai, maana hakuwa na la kufanya isipokuwa kukaa naye. Farasi akageuka. Akanusa kikombe, akatumbukiza pua, akanywa. Laban akamwaga chai iliyobaki kwenye ndoo ya pumba, na Sarab akala ndoo nzima huku mtu mzima akilia kwa furaha. Tangu siku hiyo nusu kikombe cha chai ya maziwa kikawa kinakwenda kwenye pumba kila asubuhi. Wayne hakuambiwa. Wayne huuliza, "Amekula?" na Laban hujibu, "Amekula, boss," na wote wawili huendelea na shughuli zao.

Sasa, ukutani mwa stoo ya chakula palibandikwa karatasi yenye michoro ya vitu visivyotakiwa karibu na farasi wa mbio: sindano, vidonge, dawa ya kuchua, kopo, kikombe cha kahawa kilichopigwa mstari mwekundu. Laban aliishika karatasi hiyo kama amri za kanisani. Mgongo ulimuuma mwaka mzima asithubutu kupaka dawa. Kahawa aliacha kabisa. Lakini chai haikuchorwa, na ni Mkenya gani atakayekaa chini aiite chai dawa? Chai hupewa mtoto, hupewa mgonjwa, hupewa mgeni kabla hajaulizwa shida iliyomleta.

Kwa kawaida pumba zilisimamishwa siku nne kabla ya mbio, kwa hiyo na chai ilisimama, na vipimo vyote vya nyuma vilitoka safi. Wiki ya zile mbio kubwa, Sarab akasusa tena. Laban aliingiwa na hofu kwamba atakwenda kukimbia na tumbo tupu. Asubuhi mbili mfululizo akamchotea pumba kidogo kwa siri, na juu yake akamimina kikombe kizima, cha majani makali ambayo dada yake alirudi nayo kutoka likizo.

Dada huyo ni Peninah, muuguzi, aliyepanga nyumba na wenzake huko mtaa wa Al Mansoura. Ijumaa, siku ambayo kule hata makanisa husali, Laban alimtembelea baada ya ibada, kama ilivyo desturi yao, na akiwa na kikombe mkononi akamsimulia habari za Mwaura, jinsi watu wengine wasivyo na akili. Peninah alikuwa anakata sukuma wiki. Akauliza bila kuinua macho:

"Na wewe bado unampea ile chai yako?"

"Si ni chai tu, dada. Si kahawa."

Kisu kikasimama. "Laban, chai iko na kafeini."

"Kahawa ndio iko nayo."

"Na chai pia. Hiyo unakunywa saa hii iko nayo." Alimtazama usoni, akaweka kisu chini. "Ulimpea lini mara ya mwisho?"

Laban alihesabu siku kurudi nyuma mpaka asubuhi zile mbili. Aliweka kikombe mezani polepole sana.

Alirudi Muaither asijue hata amepanda basi gani, na njia nzima alijitetea. Hakuna aliyejua ila Peninah, na Peninah hasemi. Kesho Mwaura ataondoka, kelele zitatulia, na yeye atabaki na farasi wake. Kombe walishanyang'anywa, iwe kwa chai au kwa kopo. Na Sarab bila yeye si atakufa? Hoja hiyo aliishika kwa nguvu kuliko zote, kwa sababu ilimfanya aonekane mwema.

Mwaura alimkuta mlangoni, begi lake limefungwa kwa kamba. "Laban, wenzangu wote wameninunia," alisema. "Lakini wewe unanijua. Wewe unaniamini, si ndio?"

Laban akampita, akaenda moja kwa moja ofisini, kwa sababu alijua akisimama kidogo tu hatakwenda tena.

"Ni mimi, boss. Ni chai."

"Chai?" Wayne alivua miwani. "Chai ya kawaida?"

"Ya maziwa. Na sukari kidogo. Tangu alipokuja."

Wayne alitaka kucheka, kicheko kikamkwama, akajifunika uso kwa mikono yote miwili. "Miaka mitatu," alisema hatimaye. "Ungeniuliza tu, Laban. Siku moja."

"Ulikuwa unaniuliza kama amekula. Na alikuwa amekula."

Mwenye farasi alitaka mtu wa kuondoka, na hilo Wayne hakuwa na uwezo nalo. Alichoweza ni kubadilisha tiketi iwe ya Laban, na ya Jumatatu jioni. Laban hakuomba msamaha wala hakuomba kazi. Aliuliza jambo moja: nani atamlisha?

"Mwaura," Wayne alisema. "Una siku mbili na nusu za kumfundisha."

Mwaura naye, nimpe haki yake, hakumtukana. Alifungua begi lake, akasema, "Haya, nionyeshe."

Jumamosi asubuhi Laban alimpa kila alichokijua. Simama upande wa kushoto. Usimkazie macho. Ongea, sema chochote, hata matokeo ya mpira. Mwaura akaingia na ndoo akaongea mpaka mate yakamkauka, na Sarab akamgeuzia matako, akatega masikio kuelekea kule Laban alikosimama nje. Mchana vivyo hivyo. Jioni ndoo ilitoka ilivyoingia.

"Anataka chai yake," Mwaura alisema kwa uchungu. "Na hatuwezi kumpa."

Jumapili farasi alikuwa amenywea ubavuni. Laban akashindwa kuvumilia. Aliichukua ndoo mwenyewe, pumba kavu, hazina tone la chai, akaingia. Alitaka angalau alambe. Sarab akatumbukiza mdomo akala. Alikula kwa pupa, akasukuma ndoo mpaka ikagonga goti la Laban, akamaliza, akaanza kumpekua kifuani kutafuta zaidi.

Laban alibaki ameshika ndoo tupu. Kumbe hata chai hakuwa anaihitaji. Labda siku ile ya kwanza, labda hata siku ile hakuihitaji. Alichotaka ni mtu wa kuketi naye. Angempa pumba kavu asubuhi zile mbili, farasi angekula vilevile, na angeshinda vilevile, na kombe lingekuwa kabatini na yeye asingekuwa anakwenda popote. Alimlalia farasi shingoni akalia kwa sauti, na masaisi wengine wakasikia wakajifanya hawajasikia.

Mchana Mwaura alijaribu tena, pumba zilezile, ndoo ileile. Sarab hakugusa.

Daktari wa mifugo alikuja saa kumi. Alimwekea kipimo cha kusikilizia tumboni, kushoto, kisha kulia, akarudia. "Tumbo linaanza kunyamaza," alimwambia Wayne. "Hawezi kuishi kwa mlo mmoja wa huyu bwana anayeondoka. Akiendelea hivi atapata msokoto wa tumbo, na farasi wa namna hii msokoto huwa haumwachi." Laban alisikia kila neno. Usiku huo alimwomba Mungu jambo moja tu, na halikuwa kubaki.

Jumatatu kulipokucha alisimama nje akamtazama Mwaura akiingia na ndoo. Safari hii hakuitazama ndoo, alimtazama Sarab. Yeye akihama kulia, masikio yanahama kulia. Akikohoa, kichwa kinainuka. Akiwa kimya kabisa, farasi ananyoosha pua kuelekea ukuta wa chumba chake. Hakuwa anamkataa Mwaura. Alikuwa anamsubiri Laban, na angemsubiri hivyo siku zote ambazo Laban angekuwepo, mpaka afe.

Akaenda kugonga ofisini. "Boss, nipeleke sasa hivi."

"Ndege ni ya jioni."

"Nitakaa hukohuko. Nikiwa hapa hatakula."

Wayne alimwelewa, maana mambo ya farasi aliyajua. "Nenda ukamuage basi."

"Hapana," Laban alisema. "Hiyo ndiyo siwezi."

Nguo zake alizizoa zote pamoja, za mlangoni, za kambani, hata blanketi, asiache chochote chenye harufu yake. Zile picha nne pia akabandua. Alizunguka nyuma ya stoo, upande ambao upepo haufikishi harufu ya mtu kwa farasi, akaingia kwenye gari akiwa ameinama. Walipokuwa wanatoka getini Sarab alilia, mlio mmoja mrefu wa kuita. Wayne akapunguza mwendo.

"Endesha, boss," Laban alisema. "Tafadhali, endesha."

Kwenye uwanja wa ndege alikaa tangu saa tatu asubuhi. Peninah aliomba ruhusa kazini akaja kukaa naye, na kwa mara ya kwanza maishani hakumletea chai. Alileta maji na maandazi, na Laban hakuweza kumeza. Simu ilikuwa pajani. Saa tano hakuna kitu. Saa saba hakuna kitu. Alipiga, Mwaura hakushika. Alianza kumwambia dada yake kwamba amekufa, Sarab amekufa na wanaogopa kumwambia, na Peninah akamshika mkono akaubana, kwa kuwa hakuwa na hakika kwamba ni uongo.

Saa tisa na dakika kumi ujumbe ukaingia. Mwaura alikuwa mtu mwema, na aliuandika kwa nia ya kumtuliza mwenzake.

"Buda, farasi wako amekula. Ndoo mbili, akamaliza zote. Usiwe na wasi, hata hajakutafuta."

Laban aliusoma. Akasema, "Amekula," na Peninah akapiga makofi akamshukuru Mungu kwa sauti, watu wakageuka. Hicho ndicho alichokitaka siku zote tatu, ndicho alichoondokea bila kuaga. Aliandika, "Asante sana ndugu yangu," akatuma. Halafu akaurudia ule ujumbe, akafika kwenye maneno ya mwisho, akainama pale kitini mpaka kichwa kikagusa magoti, na Peninah aliyekuwa bado anacheka akamuuliza kwani sasa analia nini.