Taa ya Karembo

Nyoka mimi simpendi, nisidanganye mtu. Miaka kumi na tisa nimeolewa na Zachariah, baba wa Njambi wetu, hapa Waithaka, na kando ya banda la kuku anafuga chatu wake, Karembo, kwa kibali cha serikali, ndani ya sanduku la mbao na wavu. Lakini alichotufanyia yule muuza taa, aki, sitasahau!

Zachariah hulea vifaranga, na mlea vifaranga kila shida huitibu kwa taa. Julai ya 2007 jua liligoma wiki tatu, Karembo akaacha kula. Taa nyekundu ya vifaranga ikampa joto, lakini kula, wapi! Mzee akasoma mahali kwamba mwanga kama wa jua, wenye miale ya UV kidogo, huenda ukamsaidia. Akavaa koti la kanisani, akaenda mjini, akaeleza wazi: ni taa ya nyoka, aote kama yuko juani.

"UV ni UV, mzee wangu," muuzaji akamwambia.

Zachariah aliifunga ile taa juu ya sanduku, akaiwasha, akaketi hapo mchana kutwa akimtazama mnyama wake. Jioni alikuwa analia machozi, anasema macho yana mchanga. Daktari wa macho kule Upper Hill alisoma karatasi ya taa akashtuka. "Mama, hii ni ya kuulia viini kwenye maji! Inachoma macho!"

Kurudi nyumbani, macho ya Karembo yalikuwa meupe kama maziwa.

Kesho yake nilibeba taa hadi dukani. Muuzaji, mtu mzima na mvi zake, akacheka. "Si ni nyoka tu, mama?"

Nyoka tu! Nikaichomeka palepale kaunta, kidole kwenye swichi. "Basi itazame." Sijaiwasha hata, tayari amegeuza uso na kufumba macho.

"Kumbe ulijua!" nikapiga kelele, duka zima likageuka. "Wewe una kope unafumba. Nyoka hana kope, atafumba nini?"



Zachariah alipona baada ya siku tatu. Karembo alijivua gamba Agosti, hadi lile linalofunika macho. Jicho la kulia likasafika, la kushoto likabaki na ukungu hadi leo. Ndiyo maana Zachariah akienda kumlisha, mimi nisiyempenda nyoka humkumbusha kutoka jikoni, "Baba Njambi, pitia kulia."