Fungu la Nyama la Mwalimu Silvesta

Wenzangu tuliokunywa uji usio na sukari kwa siku arobaini, nyinyi sihitaji kuwaeleza Kwaresima ya enzi zetu ilivyokuwa. Naeleza hata hivyo, kwa sababu kila ninayezungumza naye siku hizi anadai kukumbuka utakatifu, na mimi sikumbuki utakatifu mwingi. Nakumbuka kuchunguzana.

Nilikulia chini ya mlima Kasigau, mahali ambapo barabara ilikuwa ahadi tu na ndovu walikuwa majirani. Baba na mama walifanya kazi Voi, nami niliishi na Nyanya Mghoi, mama mzaa baba. Kigango chetu kilikuwa na kanisa la udongo lililoezekwa mabati, na padre alifika mara moja kwa mwezi kama mvua haikukata njia. Siku nyingine zote tulikuwa chini ya katekista, Mwalimu Silvesta, mwanamume mrefu mwembamba aliyevaa koti la kijivu hata saa nane ya mchana, jua likipasua mawe.

Kwaresima ilianza kwa ukaguzi. Jumatano ya Majivu Mwalimu alitupaka majivu asubuhi, kisha akasimama kwenye njia ya shule kuangalia vipaji vya nyuso zetu kama askari wa barabarani. Aliyekosa kanisani alikuwa amechota majivu jikoni kwao na kujipaka mwenyewe, lakini hakumdanganya mtu. Majivu ya kanisani, ya matawi ya mwaka uliopita yaliyochomwa, yalikuwa meusi. Ya jikoni yalikuwa meupe. Mwakio, mtoto wa jirani, alijipaka masizi ya sufuria ili yafanane na yale ya kanisani. Yalikuwa meusi mno. Alikaa na alama hiyo mpaka Jumapili.

Kisha kila mtu alitangaza alichoacha. Wazee waliacha ugoro na pombe ya miwa. Akina mama waliacha chai ya maziwa. Mimi niliacha miwa, na Mwakio akatangaza kwamba yeye ameacha kuoga, akachapwa na babake. Ukishatangaza, kijiji kizima kilikuwa na kazi ya kukuchunga. Tulinusa midomo ya wenzetu. Tulihesabu makapi ya miwa nyuma ya nyumba. Nyanya alikuwa na msemo wake: "Mungu haangalii sufuria. Jirani ndiye anayeangalia." Alisema hivyo huku akifunika kimanga chake, mihogo aliyoiponda na maharagwe, hata kama hakikuwa na cha kuficha.

Nyama siku ya Ijumaa ilikuwa mwiko. Hilo halikuwa gumu, kwa kuwa nyama yenyewe hatukuwa nayo hata siku nyingine. Sikumbuki Ijumaa yoyote ambayo sheria hiyo ilitutesa, isipokuwa moja.

Huo ulikuwa wakati uwindaji haujapigwa marufuku. Nyati mmoja mzee alikuwa amejitenga na kundi lake, akafanya makao kwenye njia ya chemchemi, na akina mama wakaogopa kwenda kuteka maji. Askari wa gemu, walinzi wa wanyamapori, waliitwa. Walikuja wakampiga risasi, wakachukua pembe na ngozi, wakatuachia nyama. Ilikuwa Ijumaa ya tatu ya Kwaresima, kabla ya saa nne asubuhi.

Majirani zetu Waanglikana, ambao mwiko huo haukuwahusu, hawakupoteza wakati. Ng'ambo ya njia moshi ulipanda, na harufu ya mafuta ikatua juu yetu kama laana. Babu mmoja wa upande wao alisimama mlangoni na mfupa mkononi.

"Jirani, karibuni. Au mnangoja padre aje awatafunie?"

"Kula, mzee," Nyanya akamjibu. "Sisi tutakula kesho, wewe ukiwa unachokonoa meno."

Sasa, mtu yeyote mwenye akili angetuacha twende na nyama zetu nyumbani tukazikaushe. Lakini Mwalimu Silvesta alitujua, au alidhani anatujua. Aligawa nyama ile mwenyewe, mafungu kumi na manane kwa nyumba kumi na nane za Wakatoliki. Kisha akaamuru kila nyumba ifunge fungu lake kwa kamba na kitambaa chake cha kutambulisha, na mafungu yote yaanikwe kwenye stoo ya kanisa mpaka Jumamosi asubuhi. "Roho inataka," alisema, "lakini pua zenu nazijua." Tukayapeleka. Fungu letu lilikuwa na kitambaa cha khanga ya bluu. Yakaning'inia humo, kati ya mishumaa na kitambaa cha zambarau cha kufunika msalaba, mlango ukafungwa kwa kufuli. Saa tisa tukafuata Njia ya Msalaba, vituo kumi na vinne, na naapa hakuna aliyemfikiria Yesu. Kila tulipopiga magoti, macho yalikuwa kwenye mlango wa stoo.

Asubuhi mafungu yalikuwa kumi na saba. Lililokosekana ni la Mwalimu mwenyewe.

Jumapili, baada ya masomo na sala, alisimama mbele na ufunguo mkononi. "Funguo za stoo ni mbili tu. Mmoja ni huu. Mwingine anao anayefagia kanisa."

Anayefagia kanisa alikuwa nyanya yangu. Alisimama polepole, akajishika kwenye benchi.

"Mwalimu, unaniuliza nini?"

"Nakuuliza, mama, kama ulikula nyama siku ya Ijumaa."

"Mimi sikula nyama siku ya Ijumaa. Naapa mbele ya msalaba huu."

"Basi padre ataamua. Mpaka aje, usisogee kupokea Komunyo."

Ni vigumu kuwaeleza vijana wa leo uzito wa maneno hayo. Kwao Pasaka ni likizo na soda. Kwa Nyanya, kukosa Komunyo ya Pasaka mbele ya kijiji kizima ilikuwa kama kuzikwa akiwa anatazama. Alirudi nyumbani. Kuanzia siku hiyo watu walikuja kwetu kwa visingizio. Mama Priska, mwongoza kwaya, alikuja mara tatu kwa wiki moja.

"Nimekuja kuomba chumvi kidogo, mama."

"Chumvi iko hapa mlangoni," Nyanya alimwambia. "Hiyo sufuria unayochungulia haina chumvi."

Nilimkuta mtoto akichokora jaa letu kwa kijiti, akitafuta mifupa. Nilimfukuza kwa mawe. Nilikuwa na miaka tisa na sikuwa na mashaka hata kidogo juu ya Nyanya. Nililala naye kitanda kimoja. Nilijua pumzi zake. Kwa hiyo nikaanza kumfikiria mwingine mwenye ufunguo, na kadiri nilivyomfikiria ndivyo mambo yalivyonyooka. Wizi gani huu unaochagua fungu moja kati ya kumi na manane? Ukitaka kula nyama yako Ijumaa bila kuonekana, ungefanya nini zaidi ya kuichukua kisha upige kelele ya mwizi?

Padre alikuja Jumapili ya Matawi. Baada ya misa alikaa kwenye kiti nje ya kanisa, sote tukiwa na matawi mikononi, akawasikiliza Mwalimu na Nyanya kila mmoja kwa zamu. Kisha akauliza kama kuna mwingine mwenye la kusema. Aliuliza kwa desturi tu. Nikasimama.

"Padre, kwa nini mwizi alichukua la Mwalimu peke yake?" Nikamwelekezea Mwalimu tawi langu. "Na kwa nini Mwalimu anauliza nani alikula? Kwa nini haulizi nani aliiba?"

Kisha babake Mwakio akacheka, kicheko cha puani, na kicheko hicho kikatembea kutoka upande wa wanaume hadi wa wanawake kama moto wa nyasi. Mwalimu hakujitetea. Alinitazama, hakukasirika, alionekana kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Padre alinyanyua mkono watu wanyamaze, akasema hakuna ushahidi dhidi ya mama huyu, na kwamba ataipokea Komunyo kama kawaida.

Jioni ile nilibebwa mabegani. Nilipewa miwa nikakataa, maana Kwaresima haikuwa imekwisha, na kukataa kwangu kukasifiwa pia.

Pasaka Nyanya alipokea Komunyo akiwa amevaa gauni lake jeupe. Mwalimu Silvesta hakudumu. Hakuna aliyemfukuza. Watoto walianza tu kumuuliza njiani, "Mwalimu, fungu limepatikana?" na wazazi wao wakakohoa badala ya kuwakemea. Darasa la mafundisho likapungua hadi watoto wanne. Baada ya mavuno alihama na mke wake, wakaenda Miasenyi, kando ya barabara kuu, kuuza makaa kwa madereva wa malori.

Kisa hicho kilinilea. Chuo kikuu nilikisimulia mara nyingi, tukiwa tumekaa kwenye vitanda vya bweni tukiwachambua wakubwa wa dunia. Nilikitumia kama ushahidi kwamba anayepaza sauti kuhusu dhambi za wengine ndiye wa kuchunguzwa kwanza. Niliacha kwenda misa, na mtu akiniuliza sababu, nilianza na nyati.

Mwaka jana nilikwenda Kasigau kumwona Nyanya. Amezeeka, macho yana ukungu, lakini vidole bado vinamenya mbaazi bila kutazama. Tulikuwa tumekaa uani nikamkumbusha siku niliyomshinda Mwalimu mbele ya padre. Nilikuwa nacheka. Yeye hakucheka.

"Lile fungu nililichukua mimi," akasema.

Nilidhani ananitania. "Nyanya, uliapa mbele ya msalaba."

"Niliapa kwamba sikula Ijumaa. Nililichukua Ijumaa jioni nilipokwenda kufagia, nikalificha kwenye pipa la mahindi. Nililipika Jumamosi. Wewe ulikula. Uliomba mchuzi mara ya pili."

"Nilidhani ni nyama yetu."

"Yetu ilikuwa mifupa mitupu. Yeye ndiye aliyegawa, akajiwekea mnofu, kisha akatufungia kama mbuzi. Nilikasirika, mwanangu. Nilikuwa na njaa na nilikasirika."

Mbaazi ziliendelea kudondoka kwenye bakuli. Nikamuuliza kwa nini alininyamazia siku ile.

"Uliposimama, ningefanyaje? Ningesema mjukuu wangu ni mwongo?" Akachukua ganda jingine la mbaazi. "Nilimweleza padre kwenye kitubio, kabla ya Pasaka. Akaniambia nirudishe. Nyama ningeitoa wapi? Nikampelekea Mwalimu kuku."

"Akasemaje?"

"Alisema, asante, mama. Hakuuliza wa nini."

Kwa hiyo padre alijua, na kitubio kikamfunga mdomo. Mwalimu labda alijua, naye akanyamaza. Mtu pekee ambaye hakujua kitu alikuwa mimi, niliyekuwa nikijua kila kitu. Na nimewashuku watu wengi sana maishani mwangu, walimu, wachungaji, madiwani, wachumba wawili. Yule niliyelala naye kitanda kimoja sikumshuku hata mara moja.

Nilishuka Miasenyi nikielekea Mombasa. Haikuwa vigumu kumpata. Alikuwa amekaa kando ya magunia ya makaa, mzee sasa, bila koti. Nilijitambulisha.

"Mjukuu wa Mghoi," akasema. "Mtoto wa maswali. Mama hajambo?"

"Hajambo, Mwalimu." Nilikuwa nimepanga hotuba nzima ndani ya basi. "Mwalimu, siku ile nilikosea."

Alipangusa vumbi la makaa kwenye goti, likazidi kuenea. "Ulikosea," akasema. "Nami nilikosea kuwafungia watu chakula chao. Lakini lile neno lako liliniondoa kwetu." Hakusema amenisamehe, wala sikuthubutu kuomba. Lori lilisimama, akainuka kumhudumia dereva. Nilipanda basi lililofuata.

Mimi sasa napanga chumba Voi. Kwenye uwanja wetu kuna milango minane, na najua mitatu ni ya Wakatoliki kwa sababu ya rozari zinazoning'inia madirishani. Kijana wa mlango wa pili, kwa mfano, aliniambia ameacha pipi za mnanaa kwa ajili ya Kwaresima, akazitaja kama mtu aliyekatwa mguu. Zamani pua kumi zingekuwa zimeshamnusa kufikia jioni. Leo anakula anachotaka, na asipokula pia hakuna anayejua. Wenzangu wanasema huo ni uhuru, na nilikuwa wa kwanza kusema hivyo. Sitaki kurudi kwenye jaa linalochokorwa kwa kijiti. Nimeona kilichompata mtu mmoja kwa sababu ya macho yale, na mdomo ulikuwa wangu.

Lakini Ijumaa iliyopita, Kwaresima ikiendelea, nilinunua nyama robo kilo, nikaikaanga kwa vitunguu saa moja ya jioni, na nikafungua dirisha makusudi ili harufu itoke. Watu walipita uani na ndoo zao za maji. Walinisalimu vizuri. Nilikaa na sahani magotini nikisubiri mtu yeyote aje kuomba chumvi, mpaka nyama ikapoa.