Soka ya Douglas

Kijakazi alikuwa hoi tangu asubuhi, kwa ule uchovu ambao chai haiuondoi. Mwenzake wa zamu hakutokea, na wazee wote wa nyumba ya kutunzia wazee alikofanya kazi, Tottenham, London, wakawa juu yake peke yake. Mchana, mpira ukiwa kwenye televisheni, Douglas na Jaspal wakaanza tena.

Douglas, Mmarekani aliyefiwa na mkewe, alisema tu, kwa Kiingereza cha kwao, "Soka nzuri leo."

Jaspal, Singasinga mzaliwa wa Nairobi, akamrukia. "Hapa ni Uingereza! Inaitwa futboli!"

Douglas akajibu kwamba kwao futboli ni ule mchezo mwingine, wa kukumbatia mpira na kupigana vikumbo. Jaspal akacheka mpaka akapaliwa. Douglas akasukuma sahani yake, akaenda kujifungia chumbani.

Kijakazi akamfuata na chakula, magoti yakimuuma.

"Kula japo kidogo, Douglas."

"Mke wangu alikuwa mtu wa hapa hapa," Douglas alisema, macho ukutani. "Kila nikisema soka, alinisahihisha. Nikawa nasema makusudi, nimsikie tu. Sasa kila mtu ananisahihisha isipokuwa yeye."

Kijakazi akaiacha sahani, akarudi sebuleni.

"Mzee Jaspal," alisema kwa Kiswahili, maana Kiingereza kilikuwa kimemwishia siku ile, "kwani nyinyi Nairobi mchezo huu mkiuitaje?"

Jaspal akavuta ndevu. "Mpira."

"Na nini tena?"

"Na soka," akanung'unika. "Lakini hiyo ni Kiswahili, mama."

"Basi mwache naye aseme cha kwao. Kafiwa yule."

Jaspal akaomba fimbo yake. Akajikokota hadi mlango wa Douglas, akaugonga. "Toka, bwana. Soka yako inakwisha."

Douglas akatoka na sahani mkononi. Timu zikamaliza bila kufungana.

"Tai," alisema Douglas, kwani ndivyo Wamarekani waitavyo sare.

"Hapa tai ni mechi yenyewe ya kombe!" Jaspal akafoka. "Hii ni droo!"

Kijakazi, ambaye tai aijuayo ni ile ya shingoni, hakuwaamulia. Douglas alikuwa akibishana huku anatafuna, na hilo lilimtosha. Akavua viatu, akaketi kidogo nyuma yao. Vitanda vya kutandika bado vilikuwa vinamngoja.