Gome la Isibhaha

Mchimba dawa wa bondeni hachuni gome la isibhaha, dawa ya kifua, kabla ya kuuomba mti ruhusa. Huchukua vipande viwili tu, kisha hufunika kidonda kwa udongo na samadi mbichi, akikilainisha kwa dole gumba lake lililopinda. Juzi alikwenda na Zibuyile, ambaye mama yake anakohoa damu, wakaukuta mti wa mwisho umechunwa wote, kutoka mizizini hadi matawini. Mchimba dawa akapiga magoti, akaanza kukanda udongo.

"Bibi, huo umeshakufa."

"Najua, mjukuu wangu." Akaendelea kupaka.

"Sasa mama nikampe nini?"

"Maji moto," alijibu bila kugeuka. Hakuwahi kumjibu hivyo mtu yeyote mwenye mgonjwa.