Mavazi ya Baleti Aliyoshona Mama

Harufu ya naftalini ikinipata popote, iwe kwenye kabati la mtu au kwenye koti la mgeni aliyetoka Ulaya, hunirudisha kwenye baraza yetu ya mtaa wa Gitega, mjini Kigali. Najiona nimesimama juu ya kigoda, mikono nimeitandaza kama ndege, pini zinanichoma mbavuni, na mama, pini nyingine ameziuma katikati ya midomo, ananiambia, "Usipumue, Espe. Kidogo tu." Nilikuwa na miaka kumi. Ilikuwa Novemba ya mwaka wa tisini, na kazi yangu ilikuwa kuwa mwili wa kupimia nguo za baleti.

Najua mtajiuliza baleti na Gitega vilikutana wapi. Mtaa wetu ulikuwa wa wauza mkaa, wauza dagaa na viatu vya mitumba, nyumba zimebanana hata ukikohoa jirani anakupa pole. Mama alikuwa na cherehani ya miguu barazani. Alizaliwa Buyenzi, kule Bujumbura, na ndiyo sababu nyumbani kwetu tulisema Kiswahili. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mnyarwanda wa kusini, na Kiswahili alikijua kwa kuoa. Karatasi kwake ilikuwa "kalatasi", na mama alikuwa akimtuma dukani kununua karatasi ili tu amsikie akitamka.

Vita vilipoanza kule mpakani, Oktoba, askari walimkamata. Walikuja mchana, wakatazama kitambulisho chake, wakaona neno lililoandikwa pale kwenye kabila, wakamwambia apande gari. Alikuwa amevaa kandambili. Siku za kwanza waliwekwa uwanjani, maelfu ya watu kwenye jua, kisha wakahamishiwa gerezani. Mama alianza kubeba bakuli la maharage na ndizi kila asubuhi hadi kwenye geti, akasimama kwenye foleni ya wanawake, akalikabidhi, akarudi na bakuli tupu la jana. Hilo bakuli tupu ndilo lililokuwa habari yetu. Kama limelambwa, baba yupo.

Katika siku hizo ndipo alipokuja Madamu Odile. Alikuwa Mbelgiji mzee, mwembamba, shingo ndefu, anayetembea vidole vimetazama nje kama bata. Alifundisha baleti kwenye ukumbi mmoja mjini. Wazungu wengi walikuwa wamekwisha ondoka kwa sababu ya vita, fundi wake wa nguo ameondoka nao, na darasa lake limebaki na wasichana tisa, karibu wote watoto wa wakubwa. Mtu alimwelekeza kwetu. Alikuwa amebeba kitabu kikubwa cha picha na sanduku la bati, na alipolifungua lile sanduku, harufu ya naftalini ilitoka ikajaa baraza nzima hata kuku wakasogea.

Ndani mlikuwa na vazi moja. Mama yake Madamu Odile alikuwa amelivaa huko Paris, zamani, kabla ya vita vile vikubwa vya kwanza vya Wazungu, alipokuwa akicheza mstari wa nyuma katika kundi la Warusi. Lilikuwa suruali pana inayong'aa kama hariri, iliyobanwa vifundoni, kizibao kifupi, na kilemba chenye shanga. Mimi niliona dhahabu tupu. Mama alilishika, akaligeuza ndani nje, kama afanyavyo fundi, akaukwaruza mng'ao wake kwa ukucha.

"Madamu," akasema mwisho, "hii dhahabu ni rangi. Wamepaka."

Madamu Odile akafurahi sana. Alieleza kwa Kifaransa kilichochanganyika na Kiswahili cha jikoni kwamba ndivyo walivyofanya. Aliyekaa mbali ukumbini hatazami mshono, anatazama mng'ao. Kwa hiyo walichukua pamba ya kawaida, wakaichora kwa brashi, wakagongomea vifungo vya shaba mahali pa vito. Ndani ya mkanda tuliona majina manne yameandikwa kwa wino, matatu yamekatwa. Vazi lilipita kutoka kwa mchezaji mmoja hadi mwingine, na kila mmoja aliacha jasho lake kwapani, duara juu ya duara.

Kisha akatuonyesha kitabu. Kwanza kulikuwa na wanawake wa Paris waliofungwa viuno kwa kosti zenye mifupa ya nyangumi, wamebanwa kama magunia yaliyokazwa kamba katikati. Halafu, kurasa chache mbele, wanawake walewale baada ya kuwaona Warusi wakicheza: kosti wamezitupa, wamevaa kanzu zinazoteremka wima, suruali pana, vilemba kichwani na unyoya mmoja umesimama. Madamu alisema mji mzima ulipata wazimu. Mama alimtazama mwanamke mmoja mwenye kilemba, akaanza kucheka.

"Huyu ni shangazi Zaituni wa Buyenzi. Suruali hiyohiyo, kilemba hichohicho. Zaituni hajafika Paris, Paris ndiyo ilimfuata."

Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu baba achukuliwe, na ilikuwa ya mwisho ninayoikumbuka. Alikuwa tayari kuikataa ile kazi, maana mavazi tisa kwa wiki tano ni mengi. Ndipo Madamu Odile akataja kwamba mchezaji wa mbele ni Clarisse, binti wa meja fulani. Mama aliacha kukunja vazi. Akauliza mtoto huyo ana umri gani, ana kimo gani. Akanigeukia, akanipima kwa macho kutoka unyayoni hadi utosini, akasema atashona.

Kuanzia hapo nikawa Clarisse. Nikitoka shuleni napanda kigoda. Mama alikata pamba na satini, akachemsha rangi ya manjano, akachora majani na miduara kwa mswaki wa zamani wa baba. Pasi ya makaa ilipopita juu ya satini ilitoa harufu ya nywele zinazoungua. Alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Niliwahi kumwambia mgongo unaniuma kwa kusimama, akanijibu bila kuinua macho, "Simama kwa ajili ya baba yako." Nikasimama. Niliamini kwa moyo wangu wote kwamba nikitikisika, baba hatatoka.

Siku moja, Alhamisi, mama alirudi kutoka gerezani na bakuli likiwa limejaa vilevile. Alikaa kwenye kigoda changu, akaliweka mapajani. Nilimuuliza kwa nini. Akasema baba amepata chakula kwa rafiki yake ndani, ametuma salamu, kasema nile mimi. Nilikula yote. Maharage yalikuwa yamepoa, ndizi zimekauka juu, na niliyala kwa raha kwa sababu yalitoka kwa baba. Leo najua, kwa kusimuliwa na mwanamke mmoja wa foleni ile, askari wa getini alimwambia nini, kwa Kiswahili cha kambini: "Mama, huyu hapa hakuna tena. Usilete." Hakumwonyesha mwili wala kumpa sababu. Mama alisikiliza, akabeba bakuli lake, akatembea hadi nyumbani, akanilisha, halafu akakaa kwenye cherehani. Asubuhi iliyofuata alitoka na chakula kama kawaida. Sijui alikuwa akikipeleka wapi.

Wiki iliyofuata mke wa meja alimleta Clarisse kujaribu vazi. Gari lilisimama mwanzo wa uchochoro kwa sababu halikuweza kuingia. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, mwenye marashi, na hakuketi kwenye kiti tulichompa hadi mama alipokifuta mara ya pili. Vazi lilimkaa Clarisse kama ngozi yake. Mama yake aliinamisha kichwa, akasema, "Umeshona vizuri."

"Madamu," mama akasema, "nina neno dogo."

Tukafukuzwa nje, mimi na Clarisse. Tulisimama kando ya mtaro, yeye na satini yake, mimi na gauni la shule. Nilimwambia, "Baba yangu atatoka sasa. Mama anaongea na mama yako."

Alifikiri kidogo. "Baba amesema waliofungwa wote ni wabaya."

"Baba yangu ni mwalimu."

"Basi labda si wote," akasema, kwa upole, kisha akaniomba nimshikie kilemba kwa sababu kilikuwa kizito.

Kutoka ndani nilisikia sauti ya mama, ya chini, haikatiki. Sijawahi kumsikia akiomba hivyo. Mke wa meja alisema kitu kifupi. Walipotoka, mama alikuwa na vumbi magotini.

Onyesho lilifanyika saa nane mchana, maana jioni kulikuwa na amri ya kutotoka nje. Mimi na mama tulikuwa nyuma ya pazia na sindano. Ukumbini kulikuwa na viti vingi vitupu na safu mbili za maofisa na wake zao. Madamu Odile alivaa kanzu ya zamani ya mama yake, akawapanga wasichana mmoja mmoja. Dakika chache kabla ya muziki, mkanda wa suruali ya Clarisse ukaachia. Mama alipiga magoti akaanza kumshonea mwilini, na wakati huohuo mke wa meja akaja kumbusu binti yake, akampa mama bahasha. Mama aliifungua kwa mkono mmoja, akasoma. Akaikunja, akaitia kifuani, akaendelea kushona. Mishono ilikuwa midogo na sawa. Alipomaliza alikata uzi kwa meno, akamsukuma Clarisse taratibu kwenda jukwaani, akanivuta akanikumbatia kwa nguvu hata kitufe chake kikaniacha alama shavuni. Nikajua baba ametoka.

Kutoka pembeni niliwatazama wakicheza. Mama alikuwa amesema kweli, au Madamu ndiye aliyesema: rangi ya manjano ya Gitega ilikuwa dhahabu kabisa.

Siku tatu baadaye mama aliniambia naenda Buyenzi kwa bibi na dereva wa lori anayemfahamu, na kwamba nina karatasi ya kupita. Yeye atabaki kumsubiri baba, kisha watanifuata pamoja. Nilimuuliza watakuja lini. "Akitoka tu," akasema. Kwa hiyo nilipanda lori bila kulia. Kwenye vizuizi vya njiani askari walinitazama, nikawatabasamia, mtoto anayekwenda likizo kwa bibi yake.

Mama aliandika barua mwaka wa kwanza na wa pili. Za mwaka wa tatu zilikuwa fupi. Mwaka wa tisini na nne hazikuja kabisa. Tuliporudi Kigali na bibi, vita vimekwisha, nyumba ya Gitega ilikuwa na watu wengine, na jirani mmoja tu alikuwa hai. Alituambia kwa maneno machache kwamba baba alifia gerezani mwaka uleule wa tisini, kisha akafika kwa mama, na bibi akaniziba masikio nikiwa na miaka kumi na minne.

Kwa miaka mingi nilimlaumu. Nilisema moyoni kwamba alimchagua baba, aliyekuwa amekwisha kufa, akaniacha mimi niliyekuwa hai. Nilipotimiza miaka ishirini, bibi alinipa barua ambayo yule dereva alikuwa amemletea siku ile aliponifikisha. Ilikuwa na mistari michache. "Mama, baba yake Espe amefariki, usimwambie bado. Niliomba karatasi ya watu wawili. Wamenipa ya mmoja. Apelekwe shule."

Niliisoma nimesimama. Ndipo nikaelewa kilichokuwa ndani ya ile bahasha nyuma ya pazia. Alisoma jina langu, akalitafuta lake, hakuliona. Kisha akamaliza kumshonea yule mtoto mkanda, kwa sababu muziki ulikuwa unaanza.