Maua ya Mpaka wa Celina

Mimi Nelius nimefagia barabara za mji wa Meru miaka ishirini na sita, na nimeona mengi. Lakini asubuhi ile ya mwaka wa themanini na tatu, mama mzee alipoketi chini ghafla mbele ya maua ya mwanawe, ufagio ulinitoka mkononi. Mpaka leo nikikumbuka nasisimka.

Mwanawe ni Elphas Muthamia, mtunza bustani wa mji. Mtu mpole, lakini maringo! Alivaa gambuti zilizong'arishwa, na ukikanyaga nyasi zake alikuangalia mpaka ukaomba msamaha. Mwaka ule wakubwa walitaka mzunguko wa barabara upendeze kabla ya sikukuu, na pesa za miche hazikuwapo. Elphas akatangaza kwamba mwenye maua nyumbani alete.

Aliyeleta ni Thuranira, jirani ya mama yake kule Kiirua. Alileta magunia mawili ya maua ya mpaka, majani yamekatwa, imebaki mizizi yake minene inayofanana na vitunguu vikubwa.

"Zote bure, Elphas. Upendezeshe mji yetu."

Sasa hapo ndipo ninapokasirika. Kila Mmeru anajua maua yale hatuyapandi kwa urembo. Yanapandwa kwenye mpaka wa shamba, hatua moja moja, na hakuna anayeyagusa. Nani anayo magunia mawili ya kugawa? Lakini Elphas alikuwa ameshakuwa mtu wa mji, akaona maua tu. Alishukuru, akayapanda kwa mikono yake miwili.

Yakachanua, yakasifiwa. Miezi minne ikapita na Elphas hakufika nyumbani hata siku moja, ingawa Kiirua si mbali.

Ndipo akaja Celina, mama yake. Alikuja kumshtakia mwanawe: Thuranira alikuwa amelima mpaka ukapotea, akapanda viazi hadi juu ya kaburi la baba yake Elphas. Shamba lilikuwa halijapimwa na serikali, na Thuranira alikuwa akiwaambia wazee kwamba mpaka haujawahi kuwapo. Kumbe mwanawe hakujua lolote. Alimpokea kwa furaha, akamvuta mkono.

"Kuja uone kazi yangu, mama."

Celina aliyatazama maua. Akauliza polepole, "Hii umetoa wapi?"

"Thuranira aliniletea."

Hapo ndipo alipoketi chini. Hakulia. Elphas alimtazama mama, akayatazama maua, na uso wake ukawa wa majivu. Nilimwona akielewa. Mtu ameng'oa mpaka wa mjane, akampa mtoto wa mjane aupande!

Elphas angeweza kunyamaza, maana wakubwa walikuwa wanamsifu. Lakini siku ya kesi ya shamba alisimama mbele ya wazee kule Kiirua akasema, "Mpaka ya mama iko mjini. Ni mimi nilipanda." Nasikia hata kuku waliacha kuparura.

Wazee walimwamuru ayarudishe. Aliyang'oa mchana kweupe, watu wamejaa, mkubwa wake anafoka dirishani. Nilimshikia gunia. Tulipata maua sitini na moja.

Lakini wazee hawakumruhusu ayapande. Walimpa Thuranira jembe. Wakamwambia ayapande pale pale alipoyang'oa, akiapa kila ua, na akipanda uongo ukoo wake wote uishe. Thuranira, mtu mzima mwenye wajukuu, alitetemeka mpaka jembe likamponyoka. Akapanda yote. Kaburi likarudi upande wa Celina, na nafasi ya hatua tatu kati yake na mpaka.

Nilikuwepo siku hiyo. Elphas alimwendea mama yake, kofia mkononi.

"Mama, mpaka imerudi."

Celina alikuwa akiondoa viazi vya Thuranira kaburini. Hakuinua kichwa.

"Baba yako alikuwa akilimwa miezi minne," akasema. "Ungekuja kunisalimia mara moja tu, ungeona."

Elphas alipiga magoti kwenye udongo, akaanza kung'oa viazi pamoja naye.